Darasa Lililosikiliza Limesimama

Mie nimestaafu nikiwa sina hata unywele mmoja mweupe. Mama yangu akinisikia nasema hivyo anacheka mpaka anaweka mwiko chini. "Umestaafu wewe? Aliyestaafu ni baba yako, katoka bandarini mgongo umepinda. Wewe umeacha kazi." Sawa, mama. Lakini mtu aliyezunguka na begi la bisibisi kutoka Mbweni hadi Kibamba, akasinzia juu ya maboksi ndani ya gari kama naye ni mzigo, halafu siku moja akarudisha kitambulisho na kufungua meza yake ya kutengeneza simu pale Mbagala, mwacheni ajiite mstaafu. Neno lenyewe linanipa heshima kidogo, na linanipa sababu ya kukaa kitako niwasimulie nyie wadogo zangu mnaoingia sasa.

Maana nimesikia mmeajiriwa. Wengine mmekuja mpaka mezani kwangu kuniuliza, "Sista, ile kazi ikoje?" Ile kazi iko hivi. Kampuni kubwa inatenga fungu la kusaidia watoto wa shule ambazo darasa limejaa na vitabu havitoshi. Inanunua vishikwambi, inapakia ndani masomo ya kusoma na kuhesabu, inavipeleka shuleni. Siku ya kukabidhi kuna fulana, kuna keki, kuna mtu wa kamera anayewaambia watoto wacheke wakati wameshachoka kucheka. Kisha wageni wote wanapanda magari wanaondoka, na anayerudi wiki baada ya wiki ni fundi. Fundi alikuwa mie. Sasa ni nyie, hongereni.

Shule mie niliishia kidato cha nne, na cheti changu sijawahi kukitundika ukutani. Niliajiriwa kwa sababu nilijua kufungua simu bila kupasua kioo. Siku ya usaili nilikuwa na ndoto kubwa kuliko suruali niliyovaa, niliyoiazima kwa binamu yangu. Nikawaambia waliokuwa wananihoji kwamba siku moja kila mtoto wa Temeke atakuwa na mwalimu ndani ya begi lake. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama najua kubadilisha soketi ya chaji. Nikasema najua. Akasema, "Basi anza na hiyo."

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Babu Seif, mzee wa Kiarabu wa pale pale Temeke. Kwao walikuwa na duka la redio na saa miaka mingi, likafa simu zenye saa na redio ndani zilipokuja, naye kampuni ikamchukua asimamie karakana. Alikuwa akivaa kofia yake na miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso. Nilipompelekea kifaa cha kwanza kilichokufa, cha shule ya Kibamba, nilikuwa nimeshatoa bisibisi. Akanizuia mkono.

"Usikimbilie tumbo la mtu, binti. Kabla hakijafa kilikuwa kinafanya nini?"

"Sijui, Babu. Nimekikuta kimekufa."

"Basi rudi kwa waliokuwa nacho kikiwa hai."

Nilidhani ananisumbua. Kutoka karakana mpaka Kibamba si karibu, na njia ya Morogoro mnaijua. Nikarudi. Kumbe sanduku la kuchajia vishikwambi la Kibamba lilikuwa lina joto zuri, na mwalimu wa zamu alikuwa anaweka juu yake maandazi ya watoto yasipoe. Sukari ikadondoka, sisimizi wakaja, wakaingia ndani wakafanya mji. Mie nilikuwa nabadilisha chaja kila nikienda, nashangaa zina laana gani. Dawa ilikuwa kumwomba mwalimu atafute mahali pengine pa maandazi. Hakufurahi, maana kweli yalikuwa yanabaki na moto.

Mengine mtayaona wenyewe ila nawapa mapema. Huko Mbweni upepo wa chumvi unakula soketi, kwa hiyo zipanguseni kila mnapokwenda hata kama zinafanya kazi. Vumbi la chaki likijaa kwenye tundu la chaji, msitie pini ya chuma, mtakata meno ya ndani. Chukueni njiti ya fagio la chelewa, ichongeni kidogo, mchokonoe taratibu. Wala msipulize kwa mdomo. Najua mtapuliza. Mate yenu ndiyo yatakayowarudisha hapo wiki ijayo. Na kuna mwalimu mkuu mmoja, mama mtu mzima, alivifunika vishikwambi vyote kwa vitambaa vya kufuma alivyofuma mwenyewe, maua ya waridi na pindo la zambarau. Vikawa vinachemka kama viazi. Nilipomwambia viachwe wazi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kitu cha thamani hakikai uchi." Tulisuluhishana avifunike usiku tu.

Sasa niwape ile ya Chamazi, ambayo ndiyo nilitaka kuwapa tangu mwanzo.

Ile shule iko ndani ndani, unaupita uwanja wa mpira, lami inaisha, unaendelea kwenye mchanga mpaka unaanza kujiuliza kama umepotea. Darasa la pili lilikuwa na watoto wengi mno kwa chumba kimoja. Waliotangulia asubuhi walikaa mbele, waliochelewa walikaa nyuma, na wa nyuma kabisa walikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mwalimu wao aliitwa Tabu. Mwembamba, mpole, sauti yake ya chini kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Kwa sauti ile na kwa umati ule, kuna watoto waliomaliza darasa la kwanza wanamjua mwalimu kwa sura tu.

Ndiyo maana vile vishikwambi vilikuwa jambo kubwa pale. Watoto waligawanywa makundi, kila kundi na zamu yake darasani, wengine wakingoja nje. Wawili wawili kwenye kishikwambi kimoja, waya mmoja wenye midomo miwili, kila mmoja na hedifoni yake kichwani. Mwalimu Tabu anabonyeza kwenye kisanduku cha mtandao, somo linaanza kwenye vishikwambi vyote kwa wakati mmoja, na ndani yake kuna sauti ya mwalimu wa kike aliyerekodiwa studio, nzuri, safi, inamfikia wa mbele na wa mlangoni sawasawa.

Ila Chamazi walikuwa na matatizo mawili. La kwanza, walikuwa wanakata nyaya za hedifoni kuliko shule zote. Kila safari nabeba furushi jipya. Denisi, dereva wetu, alikuwa anasema, "Hawa wanazichemsha kama tambi, sista. Waulize wanakulia mboga gani." Nikimwambia Mwalimu Tabu watoto wanavuta nyaya, ananijibu kwa aibu, "Nitawakanya."

La pili ndilo baya. Pale ofisini tulikuwa na kompyuta inayoonyesha kila shule watoto wameanza somo gani na wameishia wapi. Somo la nusu saa, watoto wa Chamazi hawafiki katikati. Wanaanza vizuri, halafu mmoja anazima, wa pili anazima, mpaka darasa zima kimya. Kila siku. Ikasemwa kwenye kikao kwamba watoto wale hawajawa tayari. Ikasemwa mazingira yao magumu. Mratibu wetu, Dada Ndeshi, binti wa Moshi aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kuja kampuni, aliwatetea muhula mzima. Mwisho akachoka. Kibamba kulikuwa na shule ya pili inasubiri, wameshapaka chumba rangi.

Akaniita. "Sista, nenda Chamazi kachukue vifaa. Denisi atakupeleka na maboksi."

"Vyote?"

"Vyote. Usinitazame hivyo, mie mwenyewe sijalala vizuri."

Tulipofika, Denisi akashusha maboksi matupu akayapanga barazani. Mwalimu Tabu alitoka, akayatazama.

"Yamekuwa hayo," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Pole."

"Nimeshapoa." Akatazama darasani. "Kuna kundi zamu yao ni sasa hivi. Wamekaa wanasubiri tangu asubuhi. Waache wasikilize, ndiyo mchukue."

Nikamwambia waanze. Na hapa msikie vizuri, maana ni jambo la kazi. Utaratibu wetu ulikuwa fundi anakwenda mchana, masomo yakiisha, vifaa vikiwa kwenye chaji. Miezi yote ile nilikuwa naijua Chamazi kwa vifaa vyake. Watoto wakiwa wanajifunza nilikuwa sijawahi kuwaona. Siku hiyo tulifika kabla ya mapumziko, na ndiyo mara ya kwanza kuingia darasani somo likiwa hai, na niliingia kwa sababu barazani jua lilikuwa kali. Nikakaa nyuma na Mwalimu Tabu, kwenye benchi fupi la mlangoni.

Akabonyeza. Watoto wote wakainuka kwa pamoja, wima, mikono ubavuni. "Shikamooo mwalimuuu!" Walipayuka, maana mwenye hedifoni hajisikii. Kuku waliokuwa dirishani wakakimbia.

Nikatabasamu. Watoto wana adabu. Nikangoja wakae.

Hawakukaa. Somo linaendelea, wao wamesimama. Vishikwambi viko juu ya madawati, kwa hiyo wanainama kama wanatafuta sindano. Anayetaka kubonyeza jibu anapinda mgongo, anainuka, anapinda tena. Wafupi wamesimamia vidole. Waya ule wenye midomo miwili umevutika kutoka dawatini mpaka kichwani umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na mwenzako akisogea kidogo hedifoni yako inakutoka. Nikaona kwa macho yangu waya mmoja ukikatika shingoni, pale pale ninapozibaga kwa gundi kila wiki.

Baadaye wakaanza kuchoka. Mguu huu, mguu ule. Mtoto mmoja akabonyeza ile alama nyekundu ya kuzima, akavua hedifoni, akakaa kwa kushukuru. Mwenzake naye. Kisha dawati la pili.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "hawa mbona hawakai?"

Akanishangaa. "Si wameambiwa wasimame?"

"Na nani?"

"Na huyo wa ndani. Mie siwasikii wanachosikia, sista. Likianza tu wanainuka wote pamoja, nikajua ndivyo mlivyolitengeneza. Nikasema labda ni mambo ya kunyoosha viungo."

"Na wewe hukuwaambia wakae?"

"Kwenye semina tuliambiwa somo likianza mwalimu aje nyuma, asiseme, asiguse, mtoto ajifunze mwenyewe. Yule mtaalamu alirudia mara nyingi. Mie nimefuata."

Kweli aliwaambia hivyo, nilikuwepo, nilikuwa nagawa maji. Nikainuka nikaenda kwa mtoto aliyebaki amesimama karibu yangu. Aliitwa Mwantumu. Mwenzake alishakaa zamani anachezea kifungo cha shati. Yeye bado amekaza, mguu mmoja umepanda juu ya mwingine, jasho puani. Nikamwinulia hedifoni upande mmoja.

"Mwantumu, mbona umesimama?"

"Mwalimu hajasema kaeni."

"Mwalimu yupi?"

Akanionyesha kishikwambi kwa kidevu. "Nimemwamkia, bado hajaitikia."

"Hajaitikia leo?"

"Hajawahi." Akafikiri kidogo. "Labda hanisikii. Mie nakaaga mlangoni, hata Mwalimu Tabu simsikiagi. Huyu namsikia vizuri, sema yeye ndiyo hanisikii mie. Ndiyo maana naamkia kwa nguvu."

Wadogo zangu, mie machozi yangu yako karibu, kila mtu anajua. Nilijifanya naangalia waya.

Nikavaa ile hedifoni nikarudisha somo mwanzo. Sauti ile nzuri ikasema, "Hamjambo, wanafunzi. Leo tutasoma maneno yenye herufi..." na ikaenda zake. Haikupumua. Mtu wa studio alisalimia akapita kama anayepita dirishani kwa jirani. Na watoto wa kwetu ukiwasalimia wanainuka, wanakuamkia, unaitikia marahaba, unawaambia kaeni, wanasema asante mwalimu, ndipo wanakaa. Nyie nyote mmepita humo. Hakuna mtoto anayekaa kabla. Shule nyingine, nilikuja kujua baadaye, walimu waliisahau semina wakawakalisha kwa mkono tangu siku ya kwanza. Tulikaa vikao juu ya rangi ya jalada la somo na ukubwa wa herufi. Hata tulitundika ofisini picha ya watoto wa Chamazi wakiwa wamesimama na hedifoni zao, tukasema tazameni shauku waliyonayo.

Nikatoka nje nikampigia Dada Ndeshi.

"Mmeshapakia?"

"Dada, watoto wamesimama."

"Wamesimama wapi?"

"Darasani. Kila somo. Ndiyo maana wanachoka, ndiyo maana nyaya zinakatika. Wanamwamkia mwalimu wa kwenye somo, haitikii, basi hawakai."

Nikasikia kiti chake kinalia.

"Sista, mie mwenyewe nilikuwa mwalimu," akasema taratibu. "Hilo somo nimelisikiliza sijui mara ngapi."

"Ulikuwa umekaa, dada."

Akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi. Kisha akasema Kibamba wanasubiri, atawaambia nini. Nikamwomba somo moja. Moja tu, kundi hili hili, leo hii.

"Wakimaliza nitaliona hapa kwenye kompyuta," akasema. "Wasipomaliza, pakia."

Mngedhani kazi imekwisha, si uwaambie tu wakae? Ndivyo tulivyofanya. Mwalimu Tabu akawavua hedifoni, akawaambia leo tunasikiliza tumekaa. Wakakubali, "Ndiyo mwalimu." Akabonyeza. Sauti ikasalimia. Wakainuka, shikamoo mwalimu, na wakabaki wamesimama. Nikazima haraka kabla kompyuta ya ofisini haijahesabu.

"Jamani, si tumesema mkae?" Mwalimu Tabu akauliza.

Mtoto mmoja wa dawati la mbele, mwenye sauti ya sheikh mdogo, akajibu, "Mwalimu, ulisema anayekaa kabla mwalimu hajaitikia hana adabu."

"Nilisema mie?"

"Ulisema," darasa zima likathibitisha.

Kwa hiyo ilibidi yule wa ndani aitikie. Somo limetengenezwa kwa vipande vinavyofuatana, na kati ya kipande na kipande unaweza kuchomeka sauti yako, kama unavyochomeka herini. Yule mama wa studio simjui anakaa wapi, na muda hatuna. Nikamwambia Mwalimu Tabu, "Sauti itakuwa yako."

"Yangu? Hii?" Akajishika koo.

Tukaingia stoo, kwenye mafagio, majembe na mpira uliokufa upepo, kwa sababu ndiko kulikokuwa kimya. Nikashika simu mbele ya mdomo wake. Akakohoa, akanyoosha shingo, akasema, "Marahaba. Kaeni."

Denisi alikuwa mlangoni. "Mwalimu, hiyo ni taarifa ya habari. Sasa tuletee na hali ya hewa."

Akacheka, akaharibu ya pili. Ya tatu akasema kama anamwomba mtu radhi.

"Waambie kama unavyowaambia kila asubuhi," nikasema.

"Kila asubuhi wananitazama. Hapa natazama majembe."

Basi mie na Denisi tukasimama mbele yake, wima, mikono ubavuni. Denisi ana ndevu na kitambi, alikuwa anabana tumbo ndani kama mwanafunzi wa kweli. Tukapayuka, "Shikamooo mwalimuuu!"

Na mdomo wa mwalimu ukajibu wenyewe, kabla hajafikiri. "Marahaba wanangu. Hamjambo? Haya, kaeni."

Hiyo ndiyo tuliyoichukua. Ndani yake, ukisikiliza sana, kuna jogoo kwa mbali na Denisi anaachia pumzi. Niliiacha. Nikaiweka baada ya ile salamu ya studio, nikaacha nafasi kidogo mbele yake ya watoto kuamkia, na kidogo nyuma yake ya wao kusema asante. Hiyo nafasi msiisahau mkija kufanya kazi kama hii. Sauti isiyongoja mtu ajibu si mwalimu, ni redio.

Tukarudi darasani. Denisi naye akaingia, akajibanza ukutani. Mwalimu Tabu alikuwa anasugua viganja kwenye kanga. Akabonyeza.

Wakainuka. "Shikamooo mwalimuuu!"

Pakawa kimya, kama pumzi moja. Kisha mabega yao yakashtuka yote pamoja. Vichwa vikageuka. Darasa zima na hedifoni zao likageuka nyuma kumtazama Mwalimu Tabu, aliyekaa kwenye benchi amefumba mdomo. Wakarudi kukitazama kishikwambi. Wakamtazama tena. Mwantumu alikuwa amefungua mdomo.

"Asante mwalimuuu!"

Wakakaa. Madawati yakapiga kelele mara moja, kisha hakuna aliyesogea. Nyaya zimelegea, vidole viko karibu na kioo, miguu inaning'inia. Mwalimu Tabu akanishika mkono akaufinya, na hakuuachia muda mrefu. Tulikuwa tunatazama migongo tu. Migongo ya watoto wanaosikiliza inasimama vizuri sana, sijui kama mmewahi kuona. Nilingoja mmoja abonyeze ile alama nyekundu. Nilikuwa namtazama yule wa kifungo, maana lile somo la kwanza yeye alichoka mapema. Akajikuna. Akaendelea.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikatoka barazani.

"Wanaendelea?" Dada Ndeshi akauliza.

"Wamekaa, dada."

"Naona. Wamepita pale wanapoishiaga." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeinamia kioo. "Usikate."

Mie nasikia pumzi zake, yeye anasikia kuku wa Chamazi. Muda ukapita. Kisha akasema, "Wamemaliza. Sista, wamemaliza wote."

"Nifanyeje na maboksi?"

"Yarudi matupu. Kibamba nitawatafutia vingine, hilo niachie mie, ndiyo kazi yangu." Akaongeza, "Na hiyo sauti uliyoweka, ije ofisini. Tuweke shule zote."

Kibamba walipata vyao baada ya mvua, kama mnataka kujua, nami ndiye niliyevifunga. Lakini hapo bado niko barazani Chamazi, simu mkononi, na kengele ya mapumziko inagongwa. Madarasa mengine yakamwagika uwanjani. Wapishi walikuwa wameshafunua sufuria la uji. Kwenye lile kundi la darasa la pili hakikutoka hata kisigino.

Nikachungulia. Walikuwa wamesimama tena, wote, wima. Somo limekwisha, sauti imesema tumefika mwisho, wao wakainuka wakashukuru, na sasa wanangoja waruhusiwe.

"Sista," Mwalimu Tabu akasema, "kuna kingine hatujarekodi."

Akawaambia watoke. Hawakumsikia, hedifoni ziko masikioni. Akapiga makofi. Wakamtazama kwa heshima na kuendelea kungoja. Nikasema nichukue simu turudi stoo, akanipungia mkono niache. Akaenda kwa Mwantumu. Akamvua hedifoni taratibu, asivute nywele, akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwa mtoto, na akamwambia kwa ile sauti yake ya chini:

"Umesoma vizuri. Nenda kanywe uji."

Mwantumu hakukimbia. Alisimama akimtazama mwalimu wake kwa karibu, usoni, kama anayemhakiki. "Asante mwalimu," akasema, si kwa kupayuka. Ndipo akatoka.

Yule wa kifungo alikuwa ameshavua hedifoni yake, angeweza kwenda. Hakwenda. Akageuza shingo, akaelekeza sikio, akangoja zamu yake. Na wa pembeni yake. Na wa mbele. Mwalimu Tabu akawapitia wote, dawati kwa dawati, akimwinamia kila mmoja na kumwambia lake, mie sisikii anasema nini, na uji huko nje unapoa na wapishi wanalalamika.

Denisi akaja mlangoni na boksi kichwani, akauliza apakie au asipakie. Nikamwambia alitue akanywe uji.